Kijiji kimoja, nchi mbili: Saint-Gingolph kando ya ziwa Léman

Twaeni ramani ya Ulaya, mtafute mahali ambapo Ufaransa na Uswisi zakutana chini ya milima mirefu ya Alpi. Hapo mtaona ziwa lenye umbo la mwezi mchanga. Ndilo ziwa Léman, ambalo watu wengi huliita ziwa la Geneva. Urefu wake ni kilomita 73 hivi, na kina chake chafika mita 310. Ukiufuata ukingo wake wa kusini kuelekea mashariki, karibu na mahali ambapo mto Rhône waingia ziwani, utafika kwenye kijiji kidogo kiitwacho Saint-Gingolph. Mbele yake ni maji, nyuma yake ni mlima unaopanda ghafula, na nyumba zimebanana kati ya hivyo viwili kama watu waliokaa kwenye benchi fupi.

Katikati ya kijiji hiki chashuka kijito kiitwacho Morge. Chatoka juu milimani, chapita kwenye bonde lenye mawe, kisha chaingia ziwani. Daraja lake ni fupi, hata mtoto aweza kulivuka akikimbia kabla mama yake hajamaliza kumwita jina. Lakini kijito hicho ni mpaka wa dola mbili. Upande wa magharibi ni Ufaransa, mkoa wa Haute-Savoie. Upande wa mashariki ni Uswisi, mkoa wa Valais.

Ukihesabu watu wa pande zote mbili, ni karibu 2,000 tu. Wapo watu wa shule moja ya mjini waliozidi idadi hiyo. Hata hivyo kijiji kina wakuu wawili: meya wa Kifaransa huku, mkuu wa komuni wa Kiswisi kule. Kina fedha za namna mbili: euro huku, faranga ya Uswisi kule. Kina shule za serikali mbili na askari wa sheria mbili. Mtu akimwandikia barua jirani yake anayeonana naye dirishani, barua hiyo yahesabiwa kuwa ya nchi za nje.

Lakini jina la kijiji ni moja pande zote mbili. Parokia ni moja. Makaburi ni ya pamoja. Na msitu wa mlimani una wenyewe walewale, wawe Wafaransa au Waswisi. Imekuwaje basi watu hawa kugawanywa na wafalme, wasigawanyike wao wenyewe? Habari yake ni ndefu, nayo yafaa kusimuliwa, maana ulikuja mwaka ambao jambo hilo lilikuwa la kufa na kupona.

MPAKA ULIVYOINGIA KIJIJINI

Kijiji chaitwa kwa jina la mtakatifu Gangulfu, ambaye Wafaransa humwita Gengoul au Gingolph. Alikuwa mkuu mmoja wa nchi ya Burgundia katika karne ya nane, mtu wa haki aliyeuawa kwa hila. Ibada yake ilienea sana katika Ufaransa, Uswisi na Ujerumani, na vijiji vingi vilimchukua awe msimamizi wao.

Zamani hapakuwa na mpaka pale Morge. Pande zote mbili za kijito zilikuwa nchi ya Savoie, na wenye kutawala huko walikuwa watu wa ukoo wa Savoie, waliokuwa makabaila wa kwanza makaunti, halafu madyuki. Mtu wa Saint-Gingolph alivuka kijito kwenda kukata kuni kama vile sisi tuvukavyo ua wa nyumba.

Mwaka 1536 mambo yakageuka. Dyuki wa Savoie alishambuliwa pande zote. Mfalme wa Ufaransa alimpokonya nchi kutoka magharibi. Watu wa mji wa Bern, waliokuwa wamekwisha kufuata dini ya Waprotestanti, walishuka kutoka kaskazini wakatwaa Lausanne na nchi yote ya Vaud, na hata upande wa kusini wa ziwa mpaka Thonon. Watu wa Valais nao, ambao Askofu wa Sion alikuwa mtawala wao na ambao walibaki Wakatoliki, wakashuka kwa njia ya bonde la Rhône, wakatwaa Évian pamoja na bonde la Abondance. Saint-Gingolph ikawamo katika sehemu hiyo. Kwa hiyo kijiji hakikuiacha imani yake, ingawa ng'ambo ya ziwa, katika miji ionekanayo kwa macho siku ya jua, ibada ya Misa ilikomeshwa.

Baada ya miaka zaidi ya ishirini Dyuki Emmanuel-Philibert akarudishiwa nchi zake katika mapatano ya wafalme ya mwaka 1559. Ikambidi sasa aongee na majirani zake mmoja mmoja. Na Valais alipatana mwaka 1569, katika mji wa Thonon. Maafikiano yalikuwa haya: Valais itarudisha Évian na Abondance, lakini itajiwekea Monthey na nchi iliyo kandokando ya Rhône. Basi mpaka upite wapi? Wenye kuandika mapatano wakatafuta alama iliyo wazi juu ya nchi, wakaona kijito cha Morge. Wakaandika: hapa.

Hivyo ndivyo mipaka mingi ya dunia ilivyozaliwa. Mwenye kalamu huona maji, naye hufurahi, kwa kuwa maji yaonekana vizuri kwenye ramani. Haoni njia ya mwanamke anayekwenda kumsalimu dada yake. Haoni shamba la mzee ambaye nyumba yake iko huku na mizabibu yake kule. Kila mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka atafahamu upesi maneno haya bila kufundishwa.

MAMBO MATATU YASIYOGAWANYWA

Watu wa Saint-Gingolph hawakuwa na nguvu ya kukataa mpaka. Hawakuwa na jeshi, wala hawakuwa na mjumbe aliyeketi mezani Thonon. Lakini walikuwa na mambo matatu ambayo mapatano ya wafalme hayakuyagusa, nao wakayashika kwa bidii.

La kwanza ni kanisa. Kanisa la parokia lilikuwa upande wa magharibi wa kijito, nalo likabaki huko. Kwa hiyo Wakristu wa upande wa Valais, ambao leo ni Waswisi, huvuka mpaka wa dola kila Jumapili ili wasali. Mtoto wa Kiswisi hubatizwa katika nchi ya Ufaransa. Bwana na bibi arusi wa Kiswisi hufungishwa ndoa ya Kanisa katika nchi ya Ufaransa. Kengele inayolia upande huu husikika upande ule, wala hakuna mlinzi wa forodha aliyewahi kuidai kengele hiyo ushuru.

La pili ni makaburi. Nayo yako upande wa Ufaransa, nayo ni ya wote. Mtu aliyezaliwa Mswisi, akalipa kodi yake Uswisi, akatumikia jeshi la Uswisi, siku ya kufa kwake huchukuliwa na rafiki zake, wakavuka naye daraja, akalazwa karibu na babu yake katika udongo wa Ufaransa. Fikirini, wasomaji, maana ya jambo hilo. Watu huweza kugombana juu ya mambo mengi, lakini wale ambao wafu wao wamelala pamoja hawawezi kuitana wageni.

La tatu ni mali ya mlimani. Jamaa za asili za kijiji zina chama chao cha zamani, ambacho kwa Kifaransa chaitwa «bourgeoisie». Chama hicho kina misitu na malisho ya ng'ombe juu milimani, na wenye haki katika mali hiyo wako pande zote mbili za mpaka. Si serikali ya Paris wala ya Bern iliyowapa. Waliirithi tangu zamani za kabla ya mpaka, na walipogawanywa hawakutaka kuigawanya. Basi yawabidi kukutana, kuhesabiana, kupanga nani akate mti gani, na njia ipi itengenezwe. Mtu asiyependa mkutano wa namna hiyo aweza kununa, lakini kesho yake atarudi, kwa sababu kuni zake zatoka huko.

Hapo pana hekima moja. Mapenzi ya mdomoni hupoa upesi. Lakini watu wenye mali moja ya kutunza, mahali pamoja pa kusalia na pa kuzikana, hulazimika kuonana uso kwa uso kila juma na kila mwaka. Mithali yetu yasema: undugu ni kufaana, si kufanana. Watu hawa hawakufanana tena kwa vyeti vyao, lakini walizidi kufaana.

BENDERA ZABADILIKA, WATU WABAKI

Tangu mwaka 1569 bendera zimebadilika mara nyingi juu ya daraja la Morge.

Mwaka 1792 majeshi ya mapinduzi ya Ufaransa yakaingia Savoie, na nchi hiyo ikafanywa kuwa sehemu ya Ufaransa. Mapadri waliokataa kiapo cha serikali mpya wakafukuzwa, na wengi wakakimbilia Piemonte na Valais. Kwa mara ya kwanza mpaka uliokuwa mzigo ukawa kimbilio, ijapokuwa kwa muda mfupi, kwani mwaka 1798 Wafaransa wakaingia Valais pia.

Ndipo akaja Napoleon. Yeye alitaka njia ya kupitisha mizinga yake kwenda Italia wakati wowote. Akaamuru barabara kubwa ijengwe kutoka Geneva, ipite ukingo wa kusini wa ziwa, ivuke mlima wa Simplon, iteremke mpaka Milano. Kazi ilianza mwaka 1801, na mwaka 1805 barabara ikaisha. Karibu na Meillerie, kijiji cha jirani, miamba ilianguka moja kwa moja ndani ya maji, wala hapakuwa na njia ila ya mashua. Wajenzi waliipasua kwa baruti. Barabara hiyo yapita Saint-Gingolph hata leo, juu ya Morge. Mwaka 1810 Napoleon akaitwaa Valais nzima, na kwa miaka mitatu hivi kijiji kikawa tena chini ya bendera moja. Alipoanguka, mpaka ukarudi palepale: mwaka 1815 Valais ikaingia katika umoja wa Waswisi, na Savoie ikarudishiwa ukoo wake wa zamani, ambao sasa walikuwa wafalme wa Sardinia.

Mwaka 1860 mfalme wa Sardinia, kwa mapatano na Napoleon wa Tatu, akaitoa Savoie, na watu wake wakapiga kura. Tangu mwaka huo upande wa magharibi wa Saint-Gingolph ni Ufaransa. Mzee aliyezaliwa mwaka 1790 katika nyumba moja, akaishi humo miaka sabini bila kuhama, alikuwa amekwisha kuwa raia wa Sardinia, halafu Mfaransa, halafu wa Sardinia tena, halafu Mfaransa tena. Kitanda chake kilikuwa kilekile.

Ushuru wa forodha ulileta taabu yake. Mtu afanyeje ikiwa duka liko nchi ya pili, na jibini yake atakayouza ipite mikononi mwa askari? Mwaka 1829 serikali ya Sardinia iliona jambo hilo, ikarudisha mstari wa forodha nyuma, mbali na kijiji, ili vitu vivuke bila ushuru. Baada ya vita kuu ya kwanza Ufaransa ilitaka kuufuta utaratibu huo pamoja na mingine ya namna hiyo karibu na Geneva, na mwaka 1923 ikaleta forodha yake mpakani. Uswisi haikukubali. Shauri likapelekwa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokuwako Den Haag, nayo mwaka 1932 ikaamua kwamba Ufaransa yapaswa kuurudisha mstari nyuma. Hivyo jina la kijiji kidogo cha wavuvi na wakata kuni likaandikwa katika hukumu iliyosomwa na mataifa.

MASHUA ZA MAWE

Kabla ya kufika kwenye siku za huzuni, natuone kwanza jinsi watu hawa walivyopata riziki.

Mashamba ni machache, kwa maana mlima hauachi nafasi. Lakini mlima wenyewe ulikuwa mali. Mawe yake, na zaidi yale ya Meillerie, yalikuwa magumu na mazuri kwa ujenzi. Miji ya ng'ambo, kama Geneva na Lausanne, ilipokua ilihitaji mawe mengi ya kuta, ya vizingiti na ya magati. Nani atayavusha? Watu wa ukingo wa kusini waliunda mashua kubwa za mbao, pana, zenye matanga mawili ya pembe tatu yaliyosimama kama mabawa ya ndege. Mawe yalipangwa juu ya sitaha, wala si ndani tu, na mashua iliyojaa ilizama mpaka maji yakakaribia kuilamba kingo.

Mabaharia wake waliitwa «bacounis». Kazi yao ilikuwa ngumu. Walipakia kwa toroli juu ya ubao mwembamba, wakangoja upepo, na upepo ulipokosa waliisukuma mashua kwa miti mirefu, wakitembea kandokando yake huku wameegemeza mabega. Ziwa lina pepo nyingi zenye majina, na dhoruba zake huja bila kubisha hodi.

Reli ilifika mwaka 1886, ikiunganisha Évian na Bouveret kwa kupitia Saint-Gingolph. Lakini upande wa Ufaransa treni za abiria zilikoma mwaka 1938, ilhali upande wa Uswisi zinafika kijijini hata leo. Baadaye malori na saruji zikaiua kazi ya mashua. Leo kumbukumbu yake imehifadhiwa katika nyumba ya kale ya kikabaila iliyo upande wa Uswisi, ambamo wenyeji wameweka makumbusho ya desturi zao na ya mashua za ziwa Léman. Angalieni mpango huu: kanisa li upande wa Ufaransa, makumbusho yako upande wa Uswisi, na watu wa pande zote mbili hutumia yote mawili.

JUMAPILI YA MOTO

Vita kuu ya pili ilipoanza, daraja la Morge likawa mlango wa uzima kwa watu wengi. Ufaransa ilishindwa mwaka 1940. Mnamo Novemba 1942 Waitalia wakaikalia Haute-Savoie, na tangu Septemba 1943 Wajerumani wakawafuata. Uswisi haikuwa vitani. Mtu aliyesimama upande wa magharibi aliona, mbele yake hatua chache, nchi ambayo taa zake na watu wake hawakuwa chini ya adui.

Wayahudi waliokuwa wakiwindwa, na vijana waliokataa kupelekwa kufanya kazi Ujerumani, walikuja mpakani wakitafuta njia. Wengine walivuka. Lakini lazima kusema kweli yote: mnamo Agosti 1942 serikali ya Uswisi iliamuru mpaka ufungwe mbele ya wakimbizi wengi, na kando ya mpaka wote wa nchi hiyo wako waliorudishwa wakaangamia. Mlango ukiwa karibu, kufungwa kwake huumiza zaidi.

Mwaka 1944, majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalipokuwa yamekwisha kushuka pwani ya Normandie, vijana wa Kifaransa waliojificha milimani wakazidisha mashambulio. Tarehe 22 Julai, siku ya Jumamosi, kundi lao liliteremka Saint-Gingolph likashambulia Wajerumani waliolinda mpaka. Watu walikufa pande zote mbili. Kila mwenyeji alijua maana yake. Katika vita hivyo, mahali ambapo askari wa Kijerumani walishambuliwa, mara nyingi waliolipa walikuwa wale wasioshika bunduki. Ndipo yalipotimia maneno ya wazee: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Basi watu wa upande wa Ufaransa wakaangalia daraja. Na upande wa pili, lango likafunguliwa. Waliovuka walikuwa wazee, akina mama wenye watoto mgongoni na mkononi, watu waliobeba mablanketi na sufuria. Hawakukimbilia kwa wageni. Waliwakimbilia wale waliopiga magoti nao katika kanisa moja, wale waliokata nao kuni katika msitu mmoja, wale ambao wazazi wao walilala karibu na wazazi wao. Hakuna aliyehitaji kuuliza jina la mtu mlangoni.

Kesho yake, Jumapili tarehe 23 Julai, askari wa SS wakafika. Wakawashika baadhi ya watu waliobaki, wakawapiga risasi. Miongoni mwao alikuwa paroko, Padri Roussillon. Siku ambayo watu wa pande mbili wangevuka kijito ili waisikilize Misa yake, yeye aliuawa na kijiji kikatiwa moto. Nyumba za upande wa Ufaransa zikaanza kuungua moja baada ya nyingine, na wenyeji wake, wakisimama ng'ambo ya kijito, wakaona paa zao zikianguka.

Hapo watu wa upande wa Uswisi hawakutosheka na kutazama. Mkuu wa komuni yao, bwana André Chaperon, pamoja na mkuu wa jeshi la Uswisi katika sehemu hiyo, Brigedia Julius Schwarz, wakaongea na maofisa wa Kijerumani, wakiwashurutisha waache. Wazima moto wa upande wa Uswisi wakafanya kazi ya kuzuia moto usiendelee. Sehemu kubwa ya kijiji upande wa Ufaransa iliteketea, lakini kijiji chote hakikuteketea. Mwezi uliofuata, Agosti 1944, Haute-Savoie nzima ikakombolewa.

Je, ingekuwaje kama watu hawa, tangu mwaka 1569, wangalijenga kila upande kanisa lake, wakachimba kila upande makaburi yake, wakagawana misitu kwa kamba? Pengine lango lingefunguliwa hata hivyo, kwa kuwa huruma iko kwa watu wote. Lakini twajua kwamba katika saa ya hofu mtu humfungulia upesi yule ambaye uso wake aufahamu. Karne nne za kukutana Jumapili kwa Jumapili ziliandaa mlango ule, na wale walioanza desturi hiyo hawakujua wanaiandaa siku gani.

URITHI WAO SIKU HIZI

Nyumba zilijengwa upya, na leo mgeni apitaye kwa gari aweza kuvuka kijiji bila kujua yaliyotokea. Tangu Desemba 2008 Uswisi imo katika mapatano ya Schengen, kwa hiyo watu hawasimamishwi kila mara kuonyesha vyeti, ijapokuwa forodha ipo, maana Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya. Asubuhi watu wengi wa upande wa Ufaransa huvuka mpaka kwenda kazini Uswisi, ambako mishahara ni mikubwa zaidi. Jambo hilo laleta faida, lakini nalo lina shida zake: bei za nyumba hupanda, na jirani wawili wafanyao kazi moja huweza kupata mapato yaliyo mbali sana.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea, Uswisi na Ufaransa zilizuia watu kupita mpakani kwa ovyo tangu katikati ya Machi mpaka katikati ya Juni. Waliokuwa wamezoea kusahau mpaka wakakumbushwa kwamba haukufa, ulikuwa umelala tu. Mpaka ni mali ya serikali, na serikali huweza kuuamsha siku yoyote.

Kwa sababu hiyo mambo yale matatu yana thamani hata leo. Kanisa, makaburi na msitu havikuwekwa na sheria za Schengen, wala havitaondolewa nazo zikiondoka. Vimedumu chini ya madyuki, wafalme, makaizari na jamhuri. Vimedumu kwa sababu kila kizazi kilikubali taabu ya kuvuka daraja, kuketi katika mkutano, kuchanga fedha za paa la kanisa ambalo kwa sheria liko nchi ya watu wengine.

Ninyi wanafunzi, mtakaposoma historia ya Ulaya, mtajifunza majina ya vita na ya wafalme, na ni lazima myajue. Lakini kumbukeni kwamba karibu na kila mstari uliochorwa kwenye ramani wako watu waliolala usiku katika nchi moja wakaamka katika nchi nyingine. Waulizeni wazee wenu mambo ya namna hiyo wangali hai, mkayaandike.

Nanyi wazazi, urithi wa Saint-Gingolph si jumba kubwa la mawe wala dhahabu ya sanduku. Mtalii aweza kukitembea kijiji chote kwa nusu saa, akaondoka akisema hakuona kitu. Kumbe kitu chenyewe hupita mbele yake siku ya maziko, wakati jeneza livukapo daraja polepole, nyuma yake Wafaransa na Waswisi wakisali rozari moja, na kijito cha Morge kikiendelea kushuka chini ya miguu yao.